Timu ya wasichana FIRST LEGO League: anza na mgawanyo wa kazi

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi na wasichana 8, seti moja ya SPIKE Prime (roboti ya LEGO ya kuunda na kuandikia programu), na mashindano ya kwanza ya FIRST LEGO League, ambako roboti ya timu hufanya kazi zilizopangwa juu ya meza na majaji huwahoji watoto. Anza na nani anafanya nini, kabla hata boksi halijafunguliwa.

Wengi hudhani wavulana wasipokuwepo kila msichana atashika kompyuta. Sivyo. Aliyeizoea nyumbani ataing'ang'ania, msemaji hodari atapewa bango, na wawili watatu watabaki kupanga vipande. Mwenye programu kichwani akiugua siku ya mashindano, timu imekwisha. Majaji nao humwuliza yeyote, na wanatambua upesi aliyekariri.

Wagawe jozi 4. Kila jozi imiliki kazi zake mezani tangu kuunda kifaa cha kuchomeka kwenye roboti kwa kazi hiyo, kuandika programu, hadi kuiendesha roboti. Kibodi ibadilishe mikono kila dakika 20. Na yule fundi wa kujitolea, kaka au baba wa mmoja wao, asiguse kitu. Aulize maswali tu. Akirekebisha "kidogo tu", watoto huacha kujaribu wakimsubiri yeye.

Roboti yenyewe hukosea kwa sababu zilezile kila mara. Ikipinda digrii 2 tu, baada ya mita 1 imekosa shabaha kwa sentimita 3.5. Kwa hiyo ianze ikiwa imeegemea kipimo mlichokiunda kwa vipande vya LEGO, wala si kwa kukadiria kwa macho, na ijinyooshe kwa kurudi nyuma hadi ukuta wa meza kabla ya kazi ngumu. Ikiwashwa isitikiswe, maana kihisi cha mwelekeo kitasoma vibaya. Kirudishwe sifuri mwanzoni mwa kila programu. Futeni vumbi la tairi. Fanyeni mazoezi kwa chaji ileile mtakayoanza nayo raundi. Ukumbini Bluetooth za timu nyingi huingiliana, basi pakieni programu kwa kebo. Kazi isiyofaulu mara 8 kati ya 10, iacheni.

Raundi ni dakika 2 na nusu, na wanaosimama mezani ni wawili kila upande kwa wakati mmoja. Kupokezana kufanyiwe mazoezi kwa saa mkononi. Kubadili kifaa kukizidi sekunde 5, kiundwe upya kikae kwa uzito wake bila pini.

Safari ya kulala nje: barua za wazazi wiki 3 kabla, mlezi wa kike anayelala nao, taulo za kike kwenye sanduku la vifaa pasipo mtu kulazimika kuomba. Mkipanda ndege, betri ya akiba iwe kwenye mkoba wa mkononi.