Landrover 109 ya babu: usiipige stata kwanza

Mdogo wangu, umesema Landrover ya marehemu babu, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya 1975 ya petroli, imelala miaka minane chini ya mwembe huko Iringa, na wajomba wanataka iuzwe chuma chakavu. Wazuie kwanza.

Bodi isikutie wasiwasi. Ile karibu yote ni aluminiamu, haili kutu kama chuma. Kinachoua hizi gari ni chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari zima. Lala chini na nyundo ndogo, gongagonga, hasa kule nyuma tope linakojikusanya. Ikilia kavu, ni nzima. Ikitoa mlio mzito kama wa boga, au vumbi jekundu likimwagika, chuma kimeliwa kwa ndani. Kuchomelea viraka kunawezekana, lakini ikiwa imeoza kote, wajomba wana hoja.

Injini usiipige stata! Fungua plagi, mimina oili kijiko kimoja kila silinda, iache ilale. Kesho yake chukua ile hendeli ya kuzungushia injini kwa mbele (inakaa nyuma ya siti, kama watoto hawajaichukua) uzungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka, una gari. Mwaga petroli ya zamani, badilisha raba zote za breki kabla haijatoka getini.

Kadi ya gari bado ina jina la babu? Basi msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani kabla hujatoa hata shilingi ya spea. Mimi nilianza na spea, na binamu akaja kuidai gari ikiwa inang'aa.