Kabla ya kuuza kadi ya grafiksi, fungua keisi

Mteja anayeingia kwa fundi Arusha au Moshi kutafuta kadi ya grafiksi huanza hivi: "Kaka, mna ya GB ngapi?" Ukijibu swali hilo kama lilivyo, umeshaharibu kazi. Deskitopu nyingi mtakazoletewa ni mtumba wa maofisini: Dell OptiPlex 790, 7010 na 9020, HP Compaq 8200 na 8300, Lenovo ThinkCentre za miaka hiyo hiyo ya 2011 hadi 2014. Zilitengenezwa kwa kazi za karani, na kinachoamua kadi gani itaingia ni keisi na pawa saplai. Habari ya GB, yaani kumbukumbu ya kadi, inakuja mwisho kabisa.

Mwambie alete mashine. Kama yuko mbali, tuseme Karatu au Rombo, akutumie picha mbili: ya ndani kava likiwa limeondolewa, na ya lebo ya pawa saplai kwa karibu mpaka maandishi yasomeke. Jina la modeli peke yake halitoshi. OptiPlex 7010 moja inaweza kuwa mnara wenye pawa saplai ya wati 275, nyingine keisi nyembamba ya wati 240, nyingine kiboksi kidogo kisicho na sloti ya kadi kabisa. Zote zimeandikwa 7010.

Tuanze na ukubwa. Keisi ya mnara inapokea kadi ya urefu wa kawaida wa kusimama, ambayo kibati chake cha nyuma kina sentimita 12 hivi. Keisi nyembamba inataka kadi fupi, na kibati chake ni kama sentimita 8. Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia: kadi yenyewe ni fupi na ingetosha, lakini imekuja na kibati kirefu tu, kile kifupi kimepotea kwa mmiliki wa kwanza huko ilikotoka. Kibati hicho hakiuzwi kila duka. Unapoagiza kadi Kariakoo ije kwa basi, uliza wazi, "kibati kifupi kipo?" na upigiwe picha yake kikiwa kimefungwa kwenye kadi. Kuna mafundi wanaoiacha kadi bila kibati, imesimamia sloti tu. Siku mteja akivuta waya wa monita, kadi inainuka upande mmoja, na ukiwa na bahati mbaya inaondoka na sloti.

Halafu unene. Kadi nyingi zenye feni kubwa zinakula nafasi ya sloti mbili. Kwenye baadhi ya keisi nyembamba, sloti ndefu imekaa ukingoni kabisa, ubavuni mwa pawa saplai, kwa hiyo kadi nene haina pa kwenda. Jirani yake kuna sloti nyingine ndefu inayofanana nayo, na mtu anafurahi kuona kadi nene inaingia pale. Hiyo mara nyingi ina njia nne tu za data (x4) hata kama umbo lake ni la kumi na sita (x16). Soma maandishi madogo kwenye mazabodi (bodi kuu) kabla ya kushangilia. Mwisho chukua rula, pima kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye kizimba cha hadi diski, kisha ulinganishe na urefu wa kadi.

Sasa pawa saplai, ambayo ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Kwenye lebo usiridhike na namba kubwa ya wati. Tafuta safu ya +12V, zidisha ampea zake kwa 12, hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi vitagombania. Ukiona safu mbili za 12V, usizijumlishe kichwani. Kuna mstari unaotaja kikomo cha pamoja, fuata huo. Kisha piga hesabu. Chukua mashine yenye Core i5-2400: prosesa wati 95, hadi diski kama 10, mazabodi na RAM na feni tuseme 30. Hapo una 135. Ukiongeza kadi ya wati 75 unafika 210, kwenye pawa saplai ya wati 240 iliyofanya kazi zaidi ya miaka kumi na kumeza vumbi la viangazi vyote hivyo. Itawaka. Itafungua Windows vizuri, mteja atalipa na kuondoka. Kisha akianza mchezo au akitoa video, kioo kinazima ghafla na mashine inajiwasha upya, naye atarudi akisema kadi ni mbovu. Kadi ni nzima; umeme ndio hautoshi. Kwa mashine ya namna hiyo kaa kwenye kadi za wati 30 hadi 50 ulale usingizi.

Sloti ya PCI Express yenyewe inatoa wati 75 kwa kiwango cha juu, na vitabu vya baadhi ya keisi nyembamba vinaweka kikomo cha chini zaidi ya hapo. Kadi inayotaka zaidi ina tundu la pini 6, linaloongeza wati 75, au la pini 8, linaloongeza 150. Mashine za ofisi hazina waya huo. Mtauziwa adapta ya kutoa umeme kwenye waya wa SATA kwenda pini 6: ikataeni. Plagi ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati tundu la pini 6 lina haki ya kuvuta 75. Plastiki inalainika, inageuka kahawia, kisha inanuka. Na msimwahidi mteja kumbadilishia pawa saplai kirahisi: OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya 24, na HP EliteDesk 800 G1 nayo ina plagi yake. Pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta maalumu.

Jingine dogo kwa mashine zilizotoka Marekani: kama pawa saplai ina swichi nyekundu nyuma, hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka ukutani. Ikiwa kwenye 115 utasikia mlio mmoja tu, na pawa saplai imeungua.

Baada ya hapo ndipo unamuuliza mteja anafanyia nini. Mwanafunzi wa ufundi anayechora ramani za AutoCAD za bapa (2D), RAM na SSD zitamsaidia kuliko kadi yoyote. Mwambie ukweli hata kama unakosa mauzo. Anayehariri video za safari za watalii kwa Premiere Pro anahitaji kadi yenye kumbukumbu ya kutosha. Anayetaka kucheza mpira na magari anataka nguvu ya kadi yenyewe.

Kwa keisi nyembamba yenye wati 240, tunachopendelea sisi ni kadi za NVIDIA za ofisini: Quadro P400 ya wati 30, P620 ya wati 40, P1000 ya wati 47, au T600 ya wati 40. Ni fupi, nyembamba, hazina tundu la umeme, na wengi hawazigombanii kwa sababu hazina jina mitaani. GT 1030 nayo haizidi wati 30 na inapatikana, ila ina mitego miwili. Iko yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 na iko ya DDR4, jina lile lile; ya DDR4 ina kasi ya kumbukumbu kama theluthi moja ya mwenzake. Pia GT 1030 haina saketi ya kusimba video (encoder), kwa hiyo anayerekodi ibada au kurusha mechi mtandaoni haimfai. RX 6400 ya wati 53 ina upungufu huo huo, na inatumia njia nne tu za data. Ukiiweka kwenye mashine ya prosesa ya kizazi cha 2, kama ile i5-2400, ambayo sloti yake ni PCI Express 2.0, inapoteza nguvu nyingi. Core i5 na i7 za kizazi cha 3 na cha 4 zina 3.0, nafuu kidogo.

Kwa mnara wenye pawa saplai nzima ya wati 275 kwenda juu, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zisizo na tundu la umeme zinawezekana. Zote ni za wati 75. Angalia 1650 kwa macho, maana matoleo mengi yana pini 6. Kati ya hizo mbili tungechukua 1650: draiva za kawaida za NVIDIA kwa familia ya GTX 900 na 1000 zimefikia mwisho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028, wakati 1650 bado inaendelea kuhudumiwa.

Kadi bandia zipo. Mchezo wao mkubwa ni kuchukua kadi ya zamani kama GTX 550 Ti, kuiandikia bayosi mpya (programu ndogo ya ndani inayoitambulisha kadi) na kuiita 1050 Ti. Geuza kadi utazame matundu. Familia ya GTX 1000 haitoi VGA, kwa hiyo ukiona tundu la VGA la bluu kwenye kitu kinachoitwa 1050 Ti, kirudishe. Ukiwa na mashine ya kupimia, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Ikiigundua inaandika neno FAKE mbele ya jina. Idadi ya koa (cores) iwe 768 kwa 1050 Ti na 896 kwa 1650.

Habari ya VGA inatuleta kwenye monita. Vioo vingi vya inchi 17 na 19 mjini bado ni vya VGA pekee, na kadi za leo hazina. Adapta ya bei rahisi ya DVI kwenda VGA isiyo na saketi ndani haifanyi kazi kwenye DVI-D, yaani DVI ya dijitali tupu. Unahitaji ile inayogeuza mawimbi yenyewe. Quadro na T600 zinatoa DisplayPort ndogo, si ile kubwa, kwa hiyo adapta yake iingie kwenye bei tangu mwanzo. Mteja akifika Usa River na kugundua hana pa kuchomeka kioo, nauli ya kurudi utaidaiwa wewe.

Kabla ya kufunga kadi, sasisha bayosi ya mazabodi ukiwa bado unatumia tundu lake la kioo, na ufanye hivyo mashine ikiwa kwenye UPS; umeme ukikatika katikati umepata mazabodi mfu. Kuingia bayosi ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo. Angalia pia kama Windows iliwekwa kwa njia ya zamani (Legacy) au mpya ya UEFI: andika msinfo32 kwenye Start, soma mstari wa BIOS Mode. Baadhi ya kadi mpya hazionyeshi kitu kwenye bayosi ya zamani, na mashine inapiga milio badala ya kuwaka.

Kufunga kwenyewe ni dakika kumi. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi. Puliza vumbi, lakini zuia feni kwa kidole isizunguke na upepo. Fungua kilimi cha sloti, sukuma kadi kwa vidole gumba viwili sambamba mpaka usikie "tak", halafu kaza skrubu ya kibati. Ukiona dhahabu ya kadi bado inaonekana upande mmoja, haijaingia.

Kioo kikibaki cheusi baada ya kuwasha, tazama kwanza waya wa monita. Mara nyingi mtu amechomeka tena kwenye mazabodi alikozoea. Kama uko kwenye kadi na bado ni giza, toa kadi, washa bila hiyo, ingia bayosi, weka chaguo la kioo cha kwanza kwenye Auto, zima, rudisha. Ikigoma tena, jaribu kadi hiyo kwenye mashine nyingine kabla ya kumlaumu aliyekuuzia. Ikiwaka, weka draiva, fungua GPU-Z na ubonyeze alama ya kuuliza pembeni ya Bus Interface ili kadi ifanye kazi. Namba ya njia za data unayoiona hapo, siyo ile ya kadi ikiwa imelala, ndiyo ya kweli. Acha mzigo uendelee nusu saa kava likiwa limefungwa, kwa sababu kadi inayopoa vizuri mezani kava likiwa wazi inaweza kuchemka ndani ya keisi nyembamba mchana wa Moshi mwezi Februari.