Meza ya Mwalimu: Risk ya zamani, Risk mpya na mstari wa Afrika Mashariki

Maswali ya wasomaji kuhusu michezo ya ubaoni yanajibiwa na Mwalimu, aliyestaafu kufundisha jiografia na sasa anaishi Section 58, Nakuru.

SWALI: Mwalimu, habari za Nakuru. Mimi ni fundi wa redio hapa Kisumu. Mwaka jana nilipata sanduku kuukuu la Risk, ule mchezo wa ubaoni wa kuteka ramani ya dunia kwa vikosi na dadu, kwenye rundo la mitumba pale Kibuye. Kete zake ni namba za Kirumi za plastiki. Juzi shemeji yangu aliye Uingereza akaniletea jingine lenye askari wadogo, farasi na mizinga. Tangu hapo nyumbani hakuna amani. Ubao wa zamani una mstari unaounganisha Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati, ule mwingine hauna. Kijitabu cha zamani kinasema thamani ya kadi hupanda, kipya kinasema haipandi. Tukaamua kutumia ubao wa zamani na hesabu ya kadi ya kijitabu kipya. Jumapili tulianza saa nane mchana, saa tano usiku bado hakuna aliyeshinda, mke wangu akazima taa. Sanduku lipi ndilo sahihi? Na toleo la 2008 ninaloliona likiuzwa, ninunue?
— Fundi wa redio, Kisumu

JIBU: Fundi, mkeo alikuwa na haki. Mchezo mliocheza Jumapili haumo katika sanduku lolote kati ya hayo mawili. Mmechota sheria moja huku na nyingine kule, na mkaangukia zile mbili ambazo zikikaa pamoja mchezo hauishi.

Nianze na kadi, kwa kuwa ndizo zilizowakesha. Risk ilibuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse, mtu wa filamu, ikatoka kwao mwaka 1957. Miaka miwili baadaye kampuni ya Parker Brothers ikaitoa Marekani. Kwa sheria za Kimarekani, seti ya kwanza ya kadi (tatu zenye picha moja, au moja ya kila picha: askari, farasi na mzinga) ikirudishwa mezani humpa mwenyewe vikosi 4, ya pili 6, kisha 8, 10, 12, 15, na kuanzia hapo kila seti huongeza 5. Haijalishi ni nani aliyerudisha, hesabu ni ya meza nzima. Ikifika seti ya nane, yule mtu aliyekuwa amebanwa Australia na mmemsahau anaibuka na vikosi 25 na kufagia nusu ya Asia kwa zamu moja. Wengi hulalamika kwamba huo ni ubahatishaji. Mimi nauona kuwa ndio unaoumaliza mchezo. Sheria hizo zinakutaka uwaondoe wapinzani wote ubaoni, na bila vikosi kuvimba namna hiyo hakuna atakayewamaliza.

Matoleo ya Ulaya yalishika njia nyingine. Kadi tatu zenye picha moja ni vikosi 4, 6 au 8 kulingana na picha yenyewe, na moja ya kila picha 10, mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayevimba. Lakini humo sandukuni mna kadi nyingine, za majukumu ya siri, nami nashuku hamkuzigusa. Kila mchezaji huchota moja na kuificha: teka maeneo 24; au teka maeneo 18 na uweke angalau vikosi viwili katika kila moja; au shika Asia na Afrika; au angamiza vikosi vyote vya rangi fulani. Anayetimiza jukumu lake ameshinda, hata kama wenzake bado wamejaa ubaoni. (Wamarekani nao waliongeza majukumu hayo katika toleo lao la 1993, kwa wanaoyataka.)

Sasa jitazameni. Mlichukua kadi zisizopanda, mkaacha majukumu, kisha mkataka mmoja wenu ateke dunia nzima, maeneo yote 42. Mngefika Jumatatu.

Kuhusu mstari nitakaa kidogo, maana ni kwetu. Umri wa sanduku hauwezi kukuamulia: yako matoleo yaliyouchora na yako yasiyouchora, na watu wamebishana juu yake tangu zamani. Usiulize upi ni sahihi, uliza unabadilisha nini.

Mimi hupima bara kwa milango yake, yaani maeneo ya mpakani ambayo lazima uyalinde ili upate vikosi vya nyongeza kila zamu. Australia ina mlango mmoja, Indonesia, na hulipa vikosi 2. Ndiyo sababu kila mgeni hukimbilia huko. Amerika Kusini ina miwili, Venezuela na Brazili, nayo hulipa 2. Afrika bila ule mstari huingiwa kupitia Afrika Kaskazini au Misri tu. Milango miwili, malipo 3. Kwenye ubao alioleta shemeji yako, basi, Afrika ni mali kuliko Amerika Kusini, na mwenye kuishika anaweza kuiacha Afrika Mashariki, Kongo, Afrika Kusini na Madagaska na kikosi kimoja kimoja, akalala.

Chora mstari, na Afrika Mashariki inakuwa mlango wa tatu. Milango mitatu ni sawasawa na ya Amerika Kaskazini, ila kule utalipwa 5. Ni kweli kule kuna maeneo 9 ya kuteka na Afrika ni 6, lakini ukishateka, kazi ya ulinzi ni ileile na mshahara si uleule. Afrika yenye mstari ni bara la mtu jasiri au la mtu aliyekosa pengine pa kwenda.

Hata hivyo mimi hucheza na mstari, na nitawashauri mfanye hivyo. Ubao unaoruhusu jeshi kuvuka Atlantiki kutoka Brazili hadi Afrika Kaskazini utakatazaje jeshi kuvuka Bab el Mandeb, kati ya Jibuti na Yemeni, ambako bahari ina upana wa takriban kilomita 30? Tena bila mstari huo eneo letu ni ghala tu la nyuma: hakuna anayeliwania, hakuna vita vinavyopita. Chukua penseli uuchore kwenye ubao mpya. Usitumie kalamu ya wino, labda siku moja utataka kuuza.

(Jiografia ya ubao wenyewe sitaisemea sana. Ukraine imemeza nusu ya Urusi, na Siam ni jina ambalo wenyewe waliliacha kabla mchezo huu haujazaliwa. Mwanafunzi wangu angenichorea hivyo ningemrudishia daftari.)

Kete hazina uzito. Za kwanza kabisa zilikuwa za mbao, namba za Kirumi zikaja miaka ya 1980, na askari, farasi na mizinga wakaletwa na toleo la 1993: askari ni kikosi 1, farasi 5, mzinga 10. Wanapendeza, lakini kila mgeni mezani kwangu hudhani farasi anapigana vizuri kuliko askari, na kila mara narudia kwamba ni chenji tu. Namba za Kirumi hazimdanganyi mtu. Ukiona X unajua ni kumi, hata kwa mwanga wa koroboi.

Toleo la 2008 ni mchezo mwingine ndani ya jina lilelile. Vikosi vina umbo la mishale, kila mchezaji ana mji mkuu, kuna miji inayohesabiwa pamoja na maeneo unapogawiwa vikosi, na kuna malengo yanayowekwa wazi mezani. Ukiyatimiza matatu huku mji mkuu wako ukiwa bado mikononi mwako, umeshinda. Linaisha mapema, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Jirani yangu muuguzi, anayeingia zamu ya usiku, halitaki jingine. Mimi lanichosha, maana kila mtu anamwona mwenzake anakokwenda, na raha ya kudanganya inapungua.

Usinunue, Fundi. Una michezo miwili tayari. Jumapili mkiwa na siku nzima, chezeni kwa kijitabu cha zamani chote, kadi zikipanda. Siku za kazi jioni, chezeni kwa kijitabu kipya chote, pamoja na majukumu ya siri. Ubao wowote, penseli ikishafanya kazi yake. Vijitabu tu ndivyo msivichanganye.

SWALI: Mwalimu, watoto wangu wamepoteza kadi karibu zote za Risk. Seti ya kadi peke yake naipata wapi?
— Mama wa vijana watatu, Kakamega

JIBU: Mama, usihangaike. Nunua karatasi za manila, ukate vipande 44. Vipande 42 viandike majina ya maeneo, jina moja kila kadi, kisha uchore askari kwenye 14, farasi kwenye 14 na mzinga kwenye 14. Viwili vinavyobaki chora picha zote tatu, hivyo husimama badala ya kadi yoyote. Waliopoteza ndio wachore. Kete zikipungua, vifuniko vya soda vinatosha, kama kwenye drafti.

SWALI: Kaka yangu anasema katika Risk ni heri kungoja kuliko kushambulia, kwa sababu dadu zikilingana anayelinda ndiye hushinda. Ni kweli? Na sheria hiyo imebadilika katika matoleo mapya?
— Mwanafunzi, Nakuru

JIBU: Haijabadilika kwa msingi wake: anayeshambulia hurusha hadi dadu tatu, anayelinda hadi mbili, kubwa inapambanishwa na kubwa, na sare ni ya mlinzi. Lakini kaka yako amesahau ile dadu ya tatu. Dadu tatu kwa mbili zinaweza kuanguka kwa namna 7,776. Katika 2,890 mlinzi hupoteza vikosi viwili, katika 2,275 mshambuliaji ndiye hupoteza viwili, na katika 2,611 kila mmoja hupoteza kimoja. Anayeshambulia yuko mbele.

Ila apunguze dadu uone. Mbili kwa mbili, kati ya namna 1,296, mlinzi hufagia vyote katika 581 na mshambuliaji katika 295 tu. Moja kwa moja, mshambuliaji hushinda 15 kati ya 36. Kwa hiyo kaka yako ana haki pale tu mtu anaposhambulia akiwa amechoka. Ili urushe dadu tatu lazima uwe na vikosi vinne au zaidi katika eneo unalotokea, kwa kuwa kimoja hubaki nyuma. Vikibaki vitatu na mlinzi bado ana viwili, simama hapo. Kama umeshateka hata eneo moja katika zamu hiyo, chukua kadi yako na umpe mwenzako dadu.