Taqi al-Din na saa yake ya sekunde

Ndugu, umeuliza kama Waosmani, dola ya zamani ya Kituruki, walikuwa na mwanafalaki hasa au wapiga ramli tu. Walikuwa naye: Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus, 1526. Mwaka 1571 akawa mnajimu mkuu wa sultani, kisha Sultani Murad wa Tatu akamjengea kituo cha kutazamia nyota Istanbul, kikakamilika 1577.

Kinachonigusa zaidi ni saa yake. Ilikuwa ya mitambo, yenye nyuso tatu: saa, dakika, sekunde. Kila dakika aliigawa sehemu tano, ndizo alizoziita sekunde. Unaweza kuona ni chache, lakini zama hizo saa nyingi zilikuwa na mshale mmoja tu, wa saa! Yeye aliitaka ili apate mahali pa nyota kwa kupima muda. Majedwali yake ya hesabu za pembe aliyaandika kwa desimali.

Kituo hakikudumu. Nyota yenye mkia ilipotokea 1577 alimtabiria sultani ushindi. Ikaja tauni, wapinzani wake wakapata la kusema, na Januari 1580 kikabomolewa kwa amri ya sultani yuleyule. Inauma, kwa sababu nyota hiyohiyo mwanafalaki Tycho Brahe aliipima akiwa Denmark, na kituo chake yeye kikaachwa kifanye kazi miaka mingi. Taqi al-Din alifariki 1585.