Jibu: Vichwa vya treni visivyo na gia, London 1890
Ndugu, umeuliza vichwa vya treni vya umeme vya njia ya chini ya ardhi ya City & South London viliendaje bila gia. Sehemu ya mota inayozunguka ilijengwa juu ya ekseli yenyewe, ikazunguka pamoja na magurudumu. Hakuna meno ya kusagika, ila uzito huo uligonga reli bila springi.

Kumbuka njia ile ilikusudiwa kuvutwa kwa kamba ya chuma. Mkandarasi wa kamba alipofilisika ndipo wakageukia umeme, volti 500 kupitia reli ya tatu, yaani reli ya ziada ya kubeba umeme. Kwangu hilo ndilo tamu zaidi.

Vichwa vya mwanzo vilikuwa 14, kazi ya kampuni ya Mather & Platt. Umeme ulizalishwa Stockwell, mwisho mmoja wa njia, ukafika King William Street, kituo cha mwisho upande wa pili, umechoka, yaani nguvu imepungua. Treni ikishindwa kupanda mwinuko wa kuingia kituo hicho, ilirudi nyuma na kujaribu tena.