Muulize Fundi: "Paipu ni chuma, ethi ya nini?"

*Shikamoo fundi. Nina mashine ya kusaga hapa Kilosa, mota ya fezi tatu, hospawa 10. Kutoka kwenye stata (swichi ya kuwashia mota) mpaka kwenye mota, nyaya zimepita ndani ya fleksibo ya chuma (paipu linalonyumbulika), kama mita moja na nusu. Kijana wangu analalamika kwamba akiigusa mota akiwa pekupeku inamtekenya. Fundi aliyefunga anasema waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme unaovuja, hauhitajiki, kwa kuwa paipu ni chuma na limeshika pande zote mbili. Ni kweli?*
— Mama wa Mashine, Kilosa

Marahaba, mama. Si kweli. Zima mashine sasa hivi, kisha ndiyo uendelee kusoma. Wenye mahindi watasubiri.

Chukua kipande cha fleksibo kama hiyo, ukikate ukitazame. Utaona ni utepe mwembamba wa bati uliozungushwa, kila mzunguko umeng'ata mwenzake. Umeme unaovuja ukitaka kurudi kwa njia hiyo, lazima uvuke maungio hayo yote, na kwenye mashine yako yamejaa vumbi la unga, yana kutu, na mota inayatikisa kutwa. Ndiyo maana kanuni za Waingereza za BS 7671, ambazo mafundi wetu wengi wamesomea, zinakataza kabisa paipu la kunyumbulika kutumika kama njia ya ethi.

Hesabu yake ni hii. Fezi moja ikigusa bodi ya mota kuna volti 230. Njia ya kurudi ikiwa na ukinzani wa nusu omu, zinapita ampea 460, na breka ya ampea 32 inaanguka papo hapo. Njia hiyo ikifika omu 5, zinapita ampea 46 tu. Breka itazivumilia muda mrefu, na muda wote huo bodi ya mota ina umeme wa kuua.

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwambie hivi: avute waya wa ethi, kijani chenye mstari wa njano, ndani ya fleksibo pamoja na zile fezi tatu. Unene uwe sawa na wa fezi. Kama fezi ni milimita 4 za mraba, ethi nayo iwe 4. Uanzie kwenye baa ya ethi ya stata, uishie kwenye skrubu ya ethi ndani ya boksi la mota. Asiufunge kwenye skrubu ya kifuniko wala bolti ya msingi wa mota, maana siku mota ikifunguliwa ethi itabaki inaning'inia. Akwangue rangi mahali pa kufungia hadi chuma king'ae, aweke lagi (kichwa cha waya) na washa yenye meno. Na auache mrefu kidogo kuliko fezi: paipu likivutwa likang'oka, ethi iwe ya mwisho kuachia.

Fleksibo yenyewe pia iungwe na ethi kwa glendi (viungio) za chuma zilizokazwa pande zote mbili, kwa sababu waya ukichubuka humo ndani, ni hilo paipu litakalomshika kijana wako.

Akimaliza, apime ukinzani kutoka bodi ya mota hadi baa kuu ya ethi, umeme ukiwa umezimwa, huku mtu mwingine anatikisa paipu. Namba ikirukaruka, kuna mahali hapajakaza. Na kama ethi yenu ni ya rodi tu iliyochimbiwa chini, usitegemee breka: rodi ya omu 20 inapitisha ampea 11 na ushee, breka ya 32 haitajua kitu. Hapo dai RCD, kifaa kinachokata umeme mara kinapohisi unavuja.

*Fundi, nafanya kazi ya umeme Houston. Huku nimeona fleksibo isiyo na waya wa ethi na mkaguzi amepitisha. Imekuwaje?*
— Msaidizi wa Fundi, Texas

Kanuni za Marekani zinaruhusu, lakini kwa masharti: urefu wote wa fleksibo kwenye njia hiyo usizidi futi 6, saketi ilindwe na breka isiyozidi ampea 20, na viungio viwe vilivyoidhinishwa. Pia paipu lisiwe limewekwa kwa ajili ya kifaa kinachotikisika au kuhamishwa baada ya kufungwa. Kwa hiyo hata huko, mota ya kutikisika inataka waya wake. Ukiupitisha nje ya paipu, ulifuate paipu hilo, na usizidi futi 6.