Swali la lugha: "J'ai passé l'examen", je, amefaulu?

Swali: Shemeji yangu wa Uvira aliniandikia kwa Kifaransa, "J'ai passé l'examen d'État." Nikampongeza, naye akashangaa, maana matokeo hayajatoka. Kwani "passer" si kupita? Na mbona mara nasikia "je suis passé", mara "j'ai passé"? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Shemeji yako alikuarifu tu kwamba amefanya mtihani ule wa kumaliza sekondari. Katika Kifaransa, "passer un examen" ni kuufanya mtihani, uwe umefaulu au umeanguka. Kufaulu ni "réussir". Kufeli ni "échouer", na vijana husema "rater". Ndiyo maana Mfaransa anaweza kusema "passer un examen avec succès", yaani kufanya mtihani na kufaulu. Kama kufaulu kungekuwa tayari ndani ya kitenzi, hayo maneno mawili ya mwisho yasingekuwa na kazi.

Kilichokuponza ni "kupasi" kwetu, tulikokutoa kwa Waingereza. Waingereza nao walilipata neno hilo kwa Wafaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, na baadaye kila lugha ikashika njia yake kwenye habari za mitihani. Hata hivyo usikariri kwamba "passer" haigusi kufaulu kamwe. "Il est passé en deuxième année" maana yake amepanda kwenda mwaka wa pili, na hapandi asiyefaulu. Vilevile mtu akikuambia "j'ai passé mon permis", mara nyingi leseni ya udereva anayo mkononi. Hapo muktadha ndio unaoamua.

Swali la pili lina utamu zaidi. Vitabu vingi vya sarufi huorodhesha vitenzi sita ambavyo, kwa jambo lililokwisha kutendeka, hutumia kitenzi kisaidizi "être" (ndicho chenye "suis", "est", "sommes") wakati fulani na "avoir" (chenye "ai", "a", "avons") wakati mwingine: passer, monter, descendre, sortir, rentrer, retourner. Mwanafunzi huambiwa avikariri. Mimi naona anayejua Kiswahili hana haja ya kuanzia hapo, kwa sababu tofauti hiyo anaitamka kila siku. Tunasema panda na pandisha, shuka na shusha, toka na toa, ingia na ingiza, rudi na rudisha, pita na pitisha. Cha kwanza katika kila jozi huelekea "être", cha pili "avoir". "Elle est sortie", ametoka. "Elle a sorti les chaises", ametoa viti. "Le bus est passé", basi limepita. "Il a passé la main par la fenêtre", amepitisha mkono dirishani.

Lakini ufunguo huo haufungui kila mlango. Kinachoamua hasa katika Kifaransa ni yambwa, kile kitu kinachopokea tendo moja kwa moja bila kihusishi katikati. Kikiwepo, ni "avoir". Kwa hiyo "nilivuka mpaka" ni "j'ai passé la frontière", ingawa hakuna nilichopitisha. Muda nao huhesabiwa kuwa yambwa: "j'ai passé deux jours à Bujumbura", nilikaa siku mbili Bujumbura.

Mtego mkubwa kwa Mswahili ni "pitia". Tukisema "tulipitia Uvira", Uvira imekaa mara tu baada ya kitenzi kama yambwa, na mwanafunzi anakimbilia "nous avons passé Uvira". Sivyo. Ile -i- ya kauli ya kutendea imemeza kihusishi, na Kifaransa kinakidai kionekane: "nous sommes passés par Uvira". Palipo na "par", "chez" au "devant" peke yake, yambwa hakuna, basi ni "être". "Je suis passé chez toi", nilipitia kwako. "Elle est passée devant le marché", alipita mbele ya soko. Utaona pia kwamba "passée" imeongezewa e kwa sababu aliyepita ni mwanamke. Pamoja na "être" kitenzi humfuata mtendaji kwa jinsia na idadi. Anayeandika barua ya kazi asilisahau hilo, maana katika matamshi halisikiki na katika maandishi linaonekana wazi.

"Se passer" ni habari nyingine, na yenyewe huchukua "être" siku zote. "Qu'est-ce qui s'est passé?" ni kuuliza kumetokea nini. Ukiiongezea "de", maana inageuka: "il ne peut pas se passer de thé", hawezi kukaa bila chai.

Matumizi yaliyobaki utayaokota kwa kusikiliza. Mezani, "passe-moi le sel" ni nipe chumvi. Kwenye simu, "je vous passe ma mère" ni ngoja nikupe mama uongee naye. "Passer commande" ni kuagiza, na "passer pour un menteur" ni kuonekana mwongo. Pengine kitenzi hiki kinaangukia pale ambapo sisi tuna "piga": "passer la serpillière" ni kupiga deki, na "passer un coup de fil" ni kupiga simu.